Ang’oa meno ya mlima ili lubisi ifike ukweni imejaa

“Umeng’oa meno ya mlima, sasa utapanda na nini? Na ulimi?”

“Ulimi ni wako, Mwenyekiti. Mimi napanda na pikipiki.”

“Pikipiki gani? Hiyo umeshaihasi!”

Saa moja asubuhi, Nkwenda, wilayani Kyerwa. Kati ya nyumba mbili kuna uzio wa minyaa uliokatwa usawa wa kifua, kimo kinachowafaa kabisa majirani wanaopenda kusemana. Upande mmoja amesimama Yustus, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, mswaki mdomoni na taulo begani. Upande wa pili amechuchumaa Adventina, mikono imejaa grisi hadi viwiko. Pikipiki yake imeinuliwa juu ya stendi, na gurudumu la nyuma limelala kwenye gunia kama mgonjwa anayesubiri dripu.

Wanawake wawili waliokuwa wakipita na maji wametua madumu yao. Muuza maandazi amesahau maandazi.

“Mwaka mzima hiyo sproketi imekupandisha milima yote ya Kyerwa na mikungu minne nyuma,” anasema Yustus, ambaye sasa ametoa mswaki ili aseme vizuri. “Leo unaitoa. Halafu ukikwama utatupigia simu tuje kukuvuta.”

“Namba yako sina.”

“Unayo!”

“Nimeifuta jana.”

Kicheko kinaruka uzio. Hata Vero, mke wa Yustus, anasikika akicheka jikoni kwake kabla hajageuza kicheko kuwa kikohozi.

Adventina, mwenye umri wa miaka 39, hana haja ya kucheka. Leo anapeleka lubisi ukweni, na safari hii ndiyo itakayoamua kama ataendelea na kazi hiyo au kama itachukuliwa na mwenye pikapu.

Lubisi ni pombe ya ndizi, na kwa familia nyingi za Karagwe na Kyerwa posa haiendi mikono mitupu. Kijana wa huku akipata mchumba Bukoba, ndugu zake hukodi gari, huvaa vizuri, hubeba maneno matamu. Lakini lubisi ya nyumbani lazima itangulie, na lazima ifike imejaa. Ikifika pungufu, upande wa binti una haki ya kuuliza: hawa watu wamekunywa njiani, au wametudharau tangu kwao?

Mbebaji wa lubisi hiyo, kwa miaka mitatu sasa, ni Adventina.

“Wanaume wa kijiwe wanabeba abiria, wanabeba mikungu, wanabeba hata mbuzi,” anasema huku akikwangua udongo kwenye ekseli. “Safari ya ukweni waliikimbia wenyewe. Ni mbali, na ukimwaga unatukanwa na koo mbili. Mimi nikasema leteni.”

Safari moja humlipa shilingi elfu sabini. Akitoa mafuta na soda ya njiani hubaki na kama elfu arobaini na tano, fedha ambayo angebeba mikungu zaidi ya ishirini kuipata. Mwenye pikapu hutaka laki moja na themanini, ndiyo maana wenye harusi walimpenda Adventina.

Walimpenda hadi pombe ilipoanza kumkimbia.

Ilianza mwaka jana, msimu wa maharage. Alifika ukweni kwa watu na dumu moja limeshuka vidole vinne. Safari iliyofuata, vidole sita. Ya tatu ndiyo iliyomvunja moyo: povu lilisukuma kizibo cha jani la mgomba, likamwagikia kamba, likamwagikia mgongo wake, akaingia kwenye boma la watu akinuka kama aliyelala kilabuni. Bwana harusi mtarajiwa alikaribia kulia.

Nkwenda habari haihitaji gari. Kabla Adventina hajarudi nyumbani, sababu ilikwisha kupatikana, na kila mtu alikuwa nayo: lubisi ya ukweni haibebwi na mwanamke. Pombe imemkataa. Inamkimbia.

“Nilisikia kwenye gulio, nikasikia kisimani, nikasikia mpaka kwenye kwaya,” anasema. “Mtu anaimba sauti ya pili huku ananiangalia mgongo.”

Hapo Adventina alifanya jambo ambalo leo analisimulia mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine, kwa sababu anajua utaambiwa tu. Aliamua kuidanganya pombe.

Alivaa koti la mume wake, Sibomana. Akavaa suruali yake na buti zake. Sibomana ndiye aliyefunga kamba za madumu, kwa mikono yake ya kiume, na kabla ya kuondoka aliambiwa akohoe karibu na kizibo ili lubisi isikie sauti nzito.

“Nilikohoa kweli,” anathibitisha Sibomana, mkulima wa kahawa na ndizi ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi, mtu mrefu anayecheka na mabega. “Nilikohoa mpaka jirani akaniletea tangawizi.”

Lubisi ilimwagika vilevile.

“Haikudanganyika,” anasema Adventina. “Ndipo nikaanza kupata hasira. Nikajiuliza, hivi mimi nimeanza kuwa mwanamke mwaka jana? Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nani, padri?”

Swali hilo ndilo lililofungua mlango.

Waliketi jikoni, yeye na Sibomana, wakaanza kuhesabu nini kilibadilika. Mtengenezaji wa pombe ni yuleyule. Madumu ni yaleyale. Barabara ni ileile, imeboreka hata. Sibomana ndiye aliyekumbuka: msimu ule wa maharage ndipo walipoweka sproketi ya mlima.

Kwa asiyejua, sproketi ni duara la chuma lenye meno linaloshikwa na cheni. Pikipiki inazo mbili: ndogo mbele, kwenye injini, na kubwa nyuma, kwenye gurudumu. Ya nyuma ikiwa na meno mengi, pikipiki inapanda mlima kama mbuzi, lakini ukifika tambarare injini inalia kwa nguvu na mwendo hauonekani. Ikiwa na meno machache, mlimani italalamika, barabarani itatulia.

Pikipiki ya Adventina ilikuja na meno 42 nyuma na 15 mbele. Kijiwe kizima kilikuwa kimehamia 48 nyuma na 14 mbele, kwa ajili ya mikungu. Na aliyemshauri afanye hivyo, aliyemtafutia hata duka, ni jirani yake wa uzio wa minyaa.

“Nilimshauri vizuri!” anapaza sauti Yustus, ambaye bado hajaondoka uziani. “Mikungu alibeba, hakubeba?”

“Nilibeba, Mwenyekiti. Sijakataa.”

“Basi shida iko wapi?”

“Shida iko kwenye lami.”

Adventina anaeleza kwamba baada ya kubadilisha, kila akiingia lami alikuwa anaona mikono inakufa ganzi. Vidole vinawasha, miguu inawasha, hata meno yake mwenyewe yanagongana. Injini ilikuwa inapiga kelele kutoka Karagwe hadi Bukoba kama mtoto aliyenyimwa ziwa.

“Nikasema, kama mimi mtu mzima natetemeka hivi, nimeshika usukani, nimekaa kwenye sponji, hiyo lubisi iliyofungwa kamba nyuma itapona? Lubisi iko hai. Inapumua. Wewe tikisa kitu kinachopumua saa tatu uone.”

Alijaribu kukaza vifuniko. Dumu likavimba kama ng’ombe aliyekula majani mabichi, likapasuka akiwa ameipita Kyaka kidogo tu. Kutoka siku hiyo alikata shauri kwamba dawa haiko kwenye kizibo.

Jana alikwenda kwa fundi Manirakiza, mwenye kibanda cha pikipiki hapahapa Nkwenda, akamwambia amrudishie 42 na 15. Sproketi zote mbili mpya alikuwa amekwisha kununua, ziko mkononi.

Manirakiza alikataa.

“Shemeji, nikikuwekea hii ukashindwa kupanda, watasema nani kaharibu? Watasema Manirakiza,” ndivyo alivyomjibu. “Hapa wateja wangu wote wanataka meno yaongezwe. Wewe unataka yapunguzwe. Nani anapunguza?”

“Mimi.”

“Basi punguza mwenyewe.”

“Nipe spana.”

Fundi alimpa spana, akampa na kifaa cha kukatia cheni, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Sharti hilo lilidumu hadi Adventina alipofika nyumbani.

Si mara ya kwanza kwake kushika chombo ambacho watu walidhani si chake. Pikipiki alijifunzia kwa mwinjilisti wa Kilutheri wa mtaani kwao, mtu mcha Mungu aliyeogopa mteremko. Mwinjilisti alikuwa na ibada tatu kila Jumapili, na kila kilima kilimtoa jasho. Adventina, mwanakwaya, akamwomba ampokee usukani kwenye mteremko mmoja tu. Baada ya miezi miwili mwinjilisti alikuwa anakaa nyuma na Biblia yake, macho ameyafumba, anasali mpaka wafike.

“Watu walisema sana,” anakumbuka. “Wakasema nimemweka mtumishi wa Mungu mgongoni. Nikawaambia bora mgongoni kwangu kuliko mtaroni.”

Pikipiki yake mwenyewe aliinunua kwa kahawa ya misimu miwili. Sibomana alitaka mabati. Wakabishana wiki nzima, Adventina akashinda, na mabati yalikuja baadaye kwa fedha ya pikipiki.

Sasa gurudumu linarudi mahali pake. Cheni imekuwa ndefu kwa sababu sproketi ya nyuma imepungua, kwa hiyo anakata pingili mbili, anaiunga tena, anavuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikae. Haikazi kama kamba ya gitaa. Anaacha icheze kidogo, anaisukuma kwa kidole juu na chini, anazungusha gurudumu, anaisukuma tena upande mwingine.

“Na siku ya gulio, mikungu utabeba na nini?” Yustus hajachoka.

Adventina anainua ile sproketi kubwa ya meno 48, anaipangusa kwa kitambaa.

“Na hii. Nitairudisha. Wewe shambani unakwenda na gambuti, kanisani unavaa viatu, kuna mtu amekwambia umehasi miguu?”

Wanawake wenye madumu wanapiga makofi. Yustus anaurudisha mswaki mdomoni.

Saa nne Adventina yuko Kituntu, wilayani Karagwe, kwa Kamugisha, mtu anayejulikana mbali kwa lubisi yake. Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kuna hori refu la mti ambamo ndizi mbivu hukanyagwa kwa miguu pamoja na majani mpaka zitoe juisi. Halafu juisi huchanganywa na mtama uliokaangwa, ikafunikwa, ikaachwa ipate akili. Leo lubisi iko tayari, na harufu yake imewaita majirani kabla ya kuitwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja mwenyewe au umekuja na koti?”

Jirani mmoja anapaliwa kwa kucheka. Adventina anacheka pia, kisha anaacha.

“Nimekuja mwenyewe. Na nguo zangu.”

Kamugisha anamimina. Madumu mawili ya lita ishirini yanajazwa hadi shingoni, kisha jani la mgomba lililopashwa moto hukunjwa kuwa kizibo. Anafanya kazi yake bila haraka, lakini maneno yake hayazunguki.

“Mimi na mwanamke sina ugomvi,” anasema. “Nimeoa, nina mabinti watano, ningeanzia wapi? Ugomvi wangu ni pungufu. Pombe yangu ikifika nusu, wanaotukanwa ni mikono yangu. Nimekwisha ongea na mwenye pikapu. Leo ikifika imepungua, kuanzia kesho anabeba yeye. Ikifika imejaa, hata uniambie unabeba kichwani, mimi nitamimina.”

“Itafika imejaa.”

“Hata juzi ulisema hivyo.”

“Juzi nilikuwa na meno mabaya.”

Ndugu za bwana harusi, watu wa Kituntu, wametangulia kwa gari tangu asubuhi. Wameacha neno moja tu: saa tisa wawe wameingia getini, na lubisi iwe nao.

Kutoka kwa Kamugisha hadi barabara kubwa kuna kilima. Si kilima cha kutisha kwa pikipiki yenye meno 48. Kwa meno 42, na madumu mawili yamejaa nyuma, ni habari nyingine, na Adventina analijua hilo kabla ya mtu kumwambia.

Anaingia na gia ya pili. Robo ya kilima, injini inazama. Anarudisha ya kwanza. Injini inavuta, inavuta, inavuta, halafu karibu na kona yenye mawe inaanza kukohoa. Klachi inanuka. Vijana wawili waliokaa juu ya tuta na majembe yao wanasimama waone vizuri, mmoja ameshatoa simu.

Adventina anashuka.

Hazimi injini. Anaacha gia ya kwanza, anashika usukani, anaachia klachi kidogo kidogo na kutembea pembeni ya pikipiki kama mtu anayemsindikiza mama mjamzito. Jasho linamtiririka ndani ya helmeti. Hatua kwa hatua, pikipiki na mwenyewe wanapanda.

“Mama, imekushinda!” anaita yule mwenye simu.

“Piga vizuri, uonyeshe na madumu!” anajibu bila kugeuka. “Nimeshuka, sijashindwa!”

Juu ya kilima anasimama, anavuta pumzi, anavigusa vizibo kimoja kimoja kwa kiganja. Vimekauka. Anapanda tena.

“Ndiyo, kilima kimenitoa kwenye kiti,” anakiri baadaye, bila kuinamisha uso. “Sitasema uongo kwamba meno haya ni ya kila kitu. Lakini kilima ni dakika kumi. Lami ni saa mbili na zaidi. Wanaume wanafunga sproketi kubwa kwa ajili ya dakika kumi ili wasionekane wakitembea. Mimi aibu ya kutembea sina.”

Kwenye lami mambo yanabadilika, na mtu hahitaji kuwa fundi ili ayasikie. Mlio unashuka. Ile sauti kali ya kulia inageuka mngurumo wa chini. Kwa mwendo uleule wa kilomita sitini kwa saa, injini sasa inazunguka pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ilivyokuwa na meno ya mlima. Mikono ya Adventina imetulia kwenye usukani. Anaweza hata kuimba, na anaimba, sauti ya kwanza, maana hapa hakuna wa kumwangalia mgongo.

Upande mmoja mashamba ya kahawa, upande mwingine migomba, halafu nyasi ndefu na ng’ombe wenye pembe kubwa wanaovuka wakati wanaotaka wao. Malori yanampita. Haongezi mwendo kushindana nayo.

Kyaka anasimama chini ya kibanda cha vocha. Hapa ndipo kila mara alikuwa anakuta povu limekwisha toka. Anashuka, anazunguka nyuma, anainama. Kizibo cha kwanza kimenyanyuka kidogo tu, kama kope la mtu anayesinzia. Anakifungua. Pombe inatoa pumzi ndefu. Anachungulia ndani.

Anakirudisha kizibo, anafungua cha pili, anachungulia, anakirudisha. Halafu anampigia Sibomana simu.

“Ipo,” anasema.

“Yote?”

“Yote, baba. Ipo yote.”

Upande wa pili wa simu panasikika kelele za watu wengi. Sibomana alikuwa amesema atakuwa shambani, lakini inaonekana shamba zima limehamia uani kwake kusubiri habari.

“Waambie hatujafika bado,” anasema Adventina. “Wasinywe kabla ya wakwe.”

Saa tisa kasoro robo anaingia kijiji kimoja nje kidogo ya Bukoba. Kwenye lango la boma la binti, ndugu wa bwana harusi wamesimama wima katika kanzu na makoti, nyuso zimewakauka. Mjomba wa kijana, aliyeshuhudia lile dumu lililoshuka vidole sita mwaka jana kwenye posa ya kaka wa kijana huyuhuyu, hamsalimii hata Adventina. Anakwenda moja kwa moja kwenye madumu.

“Shikamoo, mjomba,” anasema Adventina, kwa makusudi.

“Marahaba. Limepungua?”

“Mimina uone.”

Ndani ya lango, kwenye nyasi zilizotandikwa, kimewekwa kibuyu kikubwa cheusi kwa moshi wa miaka mingi. Ndicho kinachopima. Lubisi ya madumu lazima iingie humo, na lazima ifike shingoni. Pembeni yake amekaa Kemilembe, shangazi wa binti, mama mnene mwenye kitenge cha zambarau na macho yasiyopepesa. Yeye ndiye anayesema ndiyo au hapana, na kwa siku ya leo hata baba mzazi wa binti hana sauti kumzidi.

Dumu la kwanza linaingia lote. La pili linaanza kumiminwa. Watoto kwenye mti wa mfenesi wananyoosha shingo. Pombe inapanda ndani ya kibuyu kwa sauti inayobadilika, nzito kwanza, halafu nyembamba, nyembamba zaidi.

Kemilembe anachukua bua la nyasi, analitumbukiza mdomoni mwa kibuyu, analitoa. Limelowa hadi kwenye ukucha wake.

Mle dumuni bado kuna lubisi iliyobaki, na mjomba anaitikisa ili kila mtu asikie.

“Imejaa,” anasema Kemilembe. Halafu anainua uso. “Nani kaibeba?”

Wanaume wa Kituntu wanatazamana. Mjomba anakohoa. Inaonekana wazi kwamba wangependa swali hilo lipite kama gari lisilo na abiria.

“Mimi,” anasema Adventina kutoka langoni. “Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Wewe mwanamke?”

“Mwanamke tangu kuzaliwa.”

“Kutoka Karagwe mpaka hapa?”

“Kutoka Kyerwa, shangazi, nikapitia Karagwe.”

“Na hawa wanaume?”

“Walikuja na gari. Wana nguo nyeupe.”

Kemilembe anatazama zile kanzu, anatazama suruali ya Adventina yenye vumbi na grisi, na kicheko kinamtoka chini kabisa tumboni. Boma zima linamfuata. Mjomba naye anacheka, kwanza kwa adabu, halafu kwa kweli. Kamugisha, aliyepigiwa simu na Adventina palepale langoni, anasikika kupitia kipaza sauti akiuliza mara mbili kama ni shingoni kabisa au karibu na shingo. Anajibiwa na shangazi mwenyewe. Halafu Kamugisha: “Basi mwambieni Jumamosi ijayo nina madumu matatu.”

Shughuli inahamia ndani. Wageni wanaingizwa kwa mpangilio wa umri, lubisi inaonjwa, maneno ya posa yanaanza. Nje, kwenye migomba, wanabaki dereva wa gari la kukodi, kijana wa maturubai na Adventina. Ndivyo ilivyo: wabebaji na madereva hukaa nje, huletewa sahani yao shughuli ikikaribia kwisha, mara nyingine hawaletewi.

Adventina ameinama kwenye cheni. Anaigusa kwa kidole, imelegea kidogo, cheni iliyoungwa upya hulegea safari ya kwanza. Anatoa spana ya Manirakiza.

Mipango anayo, na haisemi kwa kunong’ona. Anataka pikipiki ya pili, ya lami tu, yenye meno yake ya lami moja kwa moja bila kufunguafungua. Anataka kuandika ubavuni mwake kwa rangi nyekundu kwamba hubeba lubisi za ukweni, na kwamba mbebaji ni mwanamke, ili atakayeogopa aogope mapema asimpotezee muda. Kutoka Muleba wameshamuulizia. Kutoka Biharamulo wameshamuulizia.

“Waoane tu,” anasema, akikaza nati ya ekseli. “Waoane mbali zaidi. Geita, Mwanza, watakakopenda. Wao watafute wachumba, pombe itafika. Na nikikuta kilima nitashuka nitembee, watu wapige picha. Mimi nataka shingoni. Hayo mengine ni ya kijiwe.”

Mlango wa nyumba kubwa unafunguliwa. Mvuke wa ndizi na samaki unatoka kwanza, halafu anatoka Kemilembe mwenyewe, kitenge kimefungwa upya, mkononi kashika birika la maji ya kunawa. Ndani mtu anamwita, shangazi, wageni wanasubiri baraka. Hageuki.

“Wewe mama wa Kyerwa!”

“Abee, shangazi.”

“Kazi hiyo umalize kesho. Nimewaambia hakuna atakayegusa sahani mpaka uingie, na kuna wazee humo wana njaa tangu asubuhi.”

Adventina anatazama mikono yake, nyeusi hadi viwiko.

“Shangazi, nina grisi.”

“Si ndiyo maana nimekuja na maji,” anasema Kemilembe, akiinamisha birika. “Leta mikono, mwanangu. Karibu ndani ule.”